Turubai na Cherehani

Mkulima wa Njoro avunapo mahindi mwezi wa Novemba, mara nyingi mvua za vuli huwa hazijakoma, na mahindi yaliyolowa huweza kuota ukungu wenye sumu. Kwa hiyo turubai si pambo.

Mwenye kutaka kulishona nyumbani na achague uzi wa poliesta, kwani uzi wa pamba huoza upesi kwa unyevu. Sindano iwe namba 18, na mishono iwe mirefu. Matundu yaliyokaribiana mno hupasua kitambaa. Cherehani ya chuma ya kukanyaga kwa miguu hufaa kuliko ile nyepesi ya umeme, maana huenda polepole penye mikunjo minne. Kabla ya kulipa, ijaribiwe juu ya turubai lenyewe, wala si juu ya kitambaa cha kanzu.