Jerikeni ya Lita 20

Mwaka wangu wa tatu Leeds nilirudi nyumbani Kenya, mtaa wa Umoja, nikiwa na ujuaji. Uingereza ilikuwa imenifunza kubana matumizi kwa njia moja tu: nunua kwa wingi, jaza friza, usikanyage dukani hadi mwezi uishe. Siku ya kununua ikifika, jioni nilikuwa nikizunguka supamaketi kuwinda vibandiko vya manjano, vile wanavyobandika kwenye mkate na nyama inayokaribia kuharibika. Bei inashuka, nami narudi nyumbani nikijiona mwerevu.

Basi siku ya pili baada ya kutua nilienda duka la jumla, nikarudi na bale ya unga, pakiti 12 za kilo mbili, pamoja na jerikeni ya mafuta ya lita 20. Hesabu nilikuwa nimeipiga kwenye matatu. Mama hununua mafuta ya kupima, ya shilingi 30, akienda na chupa yake ya soda. (Zamani yalipimiwa kwenye karatasi za nailoni, hadi zilipopigwa marufuku Agosti 2017.) Ukijumlisha vipimo hivyo mpaka lita itimie, alikuwa akilipa zaidi yangu, na hilo silibishi hadi leo.

Aliitazama jerikeni, akafuta mikono kwa leso. "We mtoto, hiyo kitu itaita watu."

Wiki hiyo tulikula chapati siku nne. Mayai tuliyozoea kuchemsha yakawa ya kukaanga. Jirani wa mlango wa tatu akaja na kikombe, na utamnyimaje ilhali jerikeni anaiona hapo mlangoni? Mwezi haukuisha kabla sijaiinamisha nikikamua matone. Mafuta ya thelathini yanatosha mboga ya usiku huo. Hakuna wa kuyaazima wala wa kuyachezea. Ile chupa ya soda ndiyo kufuli. Friza yangu ya Leeds inafanya kazi kwa sababu naishi peke yangu, na jirani yangu simjui hata jina.

Kwa maharagwe nilikosea zaidi. Nilinunua makavu, gorogoro mbili, nikayabandika kwenye gesi ya mtungi wa kilo sita. Mtungi uliisha kabla ya maharagwe. Na pale getini kuna mama ambaye huwasha jiko la makaa asubuhi, akaweka sufuria kubwa, na ikifika saa kumi anauza yaliyoiva kwa kikombe. Kikombe chake ni ghali ukilinganisha na gorogoro, lakini ndani yake kuna saa nyingi za moto ambao ploti nzima imechangia bila kufanya mkutano. Ndipo nikaelewa kwa nini hata Leeds sichemshi maharagwe. Nanunua ya mkebe. Kuna kiwanda mahali kinachofanya kazi ya yule mama, ila hakinijulii hali wala hakiniongezei upawa.

Stima nayo ilinifunza heshima. Pande zote mbili tunalipa kabla ya kutumia, lakini mita ya Leeds hunikata zaidi ya peni 50 kila siku hata taa zote zikiwa zimezimwa. Niliporudi kutoka safari hiyo niliikuta ina deni langu, na nyumba ilikuwa tupu. Kenya tozo ya kudumu ya kila mwezi iliondolewa 2018, kwa hiyo tokeni za mama hukaa zikimngoja. Anajua pia kwamba tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ni ya wasiozidisha yuniti 30 kwa mwezi. Pasi ya umeme ameifungia kabatini.

Sisemi kupima ni raha. Anayelipwa kibarua jioni hachagui. Hela ya bale hana, na muuzaji wa reja reja analijua hilo. Ila daftari la deni la dukani halina riba, tofauti na mkopo wa Fuliza ulioingia kwenye simu zetu 2019, unaohesabu siku.

Jerikeni ile bado iko jikoni. Maji ya mfereji Umoja huja kwa mgao, na siku yakija mama huijaza hadi shingoni. Ananiambia kwa simu kwamba katika ununuzi wangu wote, hiyo peke yake ndiyo ilikuwa ya maana.