Ua Tulilochukua Bila Kuomba

Mama mwenzangu, leo nataka nikusimulie jambo lililonitia aibu, maana naamini aibu ile ilinifaa.

Nimeishi Winnipeg, nchini Kanada, tangu mume wangu alipopata kazi huku. Mtaani kwetu kuna kikundi cha sanaa. Watoto hujifunza kuimba na kuchora, na sisi akina mama hushona. Mwaka mmoja kamati iliamua kuandaa maonyesho ya upatanisho na wenyeji wa asili wa nchi hii, wale waliokuwapo kabla Wazungu hawajafika. Mimi nilipewa kazi ya kudarizi kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani. Nilitafuta kitabu, nikaiga ua zuri la shanga la Wacree, nikakesha siku nyingi nikilishona. Nilijiona nimefanya kazi njema.

Siku tatu kabla ya maonyesho tulimwita bibi mmoja wa Kicree aone ukumbi, kwa kuwa tulitaka atuombee siku ya ufunguzi. Alisimama mbele ya kitambaa changu kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, "Ua hili mlipewa na nani?"

Hatukuwa na jibu.

Ndipo akatueleza. Alipokuwa na miaka sita alichukuliwa kwao, akapelekwa shule ya bweni. Viatu vya ngozi alivyoshonewa na mama yake, vyenye shanga, alivuliwa siku ya kwanza, asivione tena. Aliporudi nyumbani akiwa msichana mkubwa, hakujua lugha ya mama yake wala kushona. "Maua yetu tulinyang'anywa," alisema. "Leo nayakuta hapa, na mimi nimeitwa kuomba tu."

Watoto zaidi ya 150,000 walipitia shule hizo, tangu karne ya 19 hadi ya mwisho ilipofungwa katika miaka ya 1990. Serikali ilizigharamia, na nyingi ziliendeshwa na makanisa. Hapo mimi Mkristo niliinamisha kichwa. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Upatanisho ilitoa miito 94, na mmojawapo unataka Baraza la Sanaa la Kanada lisaidie kazi ambazo wasanii wenyeji wa asili na wasanii wengine wanazifanya kwa pamoja. Sisi tulikuwa tumefanya peke yetu, kisha tukawaalika watazame.

Katibu alitaka tuendelee, kwani kadi zilikuwa zimekwisha kutumwa. Tulibishana mpaka usiku. Mwishowe nilisimama nikasema kitambaa ni kazi ya mikono yangu, nami nakiondoa. Bwana Yesu alifundisha tuache sadaka yetu madhabahuni, tukapatane kwanza na ndugu yetu. Maonyesho yakaahirishwa.

Tulikwenda kwa bibi yule kumwuliza yeye angependa nini. Alitusimulia habari za Christi Belcourt, msanii wa jamii ya Métis, ambaye mwaka 2012 aliomba watu washone sehemu za juu za viatu, kuwakumbuka wanawake na wasichana wenyeji waliouawa au kupotea. Zilipatikana jozi zaidi ya 1,700. Hazikukamilishwa kuwa viatu, kwa sababu maisha yale yalikatizwa. Na kila zilikopelekwa, wazee wa wenyeji ndio walioongoza.

Basi tukabadili mambo. Wanawake wawili wa kwao waliingia katika kamati, wakiwa na kauli sawa na yetu. Wanaofundisha kushona shanga hulipwa kama mwalimu mwingine yeyote. Hatuigi ua bila ruhusa ya wenyewe. Na nafasi za kwanza darasani ni za watoto wao.

Mama mwenzangu uliye Tanzania, usidhani haya ni ya Kanada tu. Nasi kwetu huwaita Wahadzabe wacheze ngoma mbele ya wageni, kisha tunawasahau mpaka sherehe nyingine. Je, tuliwahi kukaa nao chini na kuwauliza wanataka nini?

Mwaka jana mjukuu wa bibi yule alimaliza jozi yake ya kwanza ya viatu vya shanga. Alikuwa amemshonea bibi yake. Bibi alivivaa pale pale ukumbini, akatembea taratibu mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nyuma, nikipanga viti.