Pengo Huvukwa Chini Kwanza

Wazazi wenzangu, wengi wetu huijua baiskeli kuwa ni chombo cha kumfikisha mtoto shuleni, cha kubebea mikate, na cha kuzungukia mtaani jioni. Binti yangu, aliyetimiza miaka 14, ana baiskeli isiyofaa kwa lolote kati ya hayo. Haina kiti. Gia yake ni moja, nyepesi, isiyompeleka mtu mbali. Huku Glasgow, tulikohamia kutoka Mombasa, anaitumia kwa mchezo uitwao traiali. Mchezaji hupanda juu ya mawe, magogo na paleti za mbao, akaruka kutoka kimoja hadi kingine bila ya kuweka mguu chini.

Mchezo huu ulitokana na mashindano ya pikipiki ya aina hiyo hiyo, na leo Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli lina mashindano yake ya dunia, ya wanaume na ya wanawake. Huku Scotland watoto wote wa mchezo huu wanamjua Danny MacAskill, mzaliwa wa kisiwa cha Skye, ambaye video yake ya mwaka 2009 iliyopigwa mjini Edinburgh ilitazamwa na mamilioni ya watu. Wengi hukumbuka alivyopita na baiskeli juu ya uzio wa vyuma vyenye ncha. Wachache hukumbuka kwamba video hiyo hiyo inamwonyesha akishindwa kwanza.

Mamangu anapopiga simu kutoka nyumbani, baada ya salamu na habari za jamaa, huniuliza, “Mwanangu, mtoto wa kike na kurukaruka juu ya mawe, wapi na wapi?” Swali lake ni la haki, kwani nyuma yake kuna huruma. Namjibu kwa kumweleza namna mtoto anavyofundishwa kuvuka pengo, nami naona ni jibu litakalomfaa kila mzazi mwenye mtoto apendaye jambo linalomtia yeye hofu.

Kuruka kunaanzia katika kusimama. Mtoto hujifunza kwanza kutuliza baiskeli mahali pamoja, pedali zikiwa zimelingana kama mizani, mguu wenye nguvu ukiwa mbele. Kisha huinua gurudumu la mbele akabaki juu ya la nyuma peke yake, breki ya nyuma ikiwa imeshikwa kwa kidole kimoja, huku akirukaruka kidogo kidogo papo hapo ili asianguke. Hatua hii pekee ilimchukua binti yangu majira yote ya baridi.

Mruko wenyewe ni wa kufumba na kufumbua, lakini una mambo manne yenye mpangilio. Kwanza, hukunja magoti na kuuacha mwili uegemee mbele, kule anakokwenda. Pili, huachia breki na papo hapo kuikanyaga pedali ya mbele kwa nguvu, robo ya mzunguko au chini ya hapo. Tatu, huinyoosha miguu na kiuno, mikono ikauinua usukani, kisha akaisukuma baiskeli mbele ikiwa hewani. Nne, hushika breki tena kabla gurudumu la nyuma halijagusa upande wa pili, na magoti yakameza kishindo. Anayeruka kabla ya kuegemea huenda juu badala ya kwenda mbele. Anayeachia breki mapema, baiskeli humtoroka. Na anayevuta kwa mikono tu hafiki, kwani nguvu hutoka miguuni.

Yote haya hufanywa chini kwanza. Tunachora mistari miwili ya chaki juu ya saruji, nami hukaa kando na futi kamba ile ile ninayopimia nguo. Kanuni yetu ni moja: avuke mara 10 mfululizo bila ya kosa, ndipo tuongeze sentimita 5. Anayekosa mstari wa chaki hapati jeraha lolote, na hilo humpa mtoto ruhusa ya kukosea mara nyingi.

Kuhusu mavazi, kina mama wameniuliza mara kwa mara. Suruali ndefu isiyopwaya, ili isinaswe na chaini, mikono mirefu, vikinga vya miundi na magoti. Kichwani huvaa mtandio mwepesi wa kubana, usio na pini hata moja, na juu yake helmeti iliyokaa sawasawa. Fundo nene chini ya helmeti huifanya icheze kichwani, na helmeti inayocheza haimlindi mtu.

Kwenye chaki alifika sentimita 120. Tukaweka paleti mbili zilizoachana sentimita 90 tu, akashindwa. Gurudumu la nyuma lilipungukiwa na upana wa vidole vitatu, likaingia katikati, na pedali ikamchana muundi juu kidogo ya kikinga. Jeraha lilipona kwa wiki moja. Hofu haikupona. Kwa wiki tatu alikuwa akipanda juu ya paleti ya kwanza, akainua gurudumu, akarukaruka mara nane, mara kumi, kisha akashuka bila ya kujaribu. Jioni moja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tuiuze ile baiskeli.

Sikumkatalia, wala sikumwambia asiogope. Mwalimu wao, mtu wa makamo aliyeucheza mchezo huu tangu utotoni, alipendekeza tupige video kutoka ubavuni, mruko mmoja wa chaki na majaribio kadhaa ya paleti. Tukazitazama pamoja jikoni, mimi na yeye. Kwenye chaki alirukaruka mara mbili akaondoka, na macho yake yalikuwa kwenye mstari wa mbali. Kwenye paleti macho yalikuwa yametumbukia ndani ya pengo. Macho yakishuka, kichwa hushuka nayo. Mabega yalibaki nyuma, na kila alipozidi kurukaruka miguu ilizidi kuchoka. Pengo lilikuwa fupi kuliko lile alilokwisha kulizoea. Kilichobadilika ni mahali anapotazama.

Basi tukaanza upya. Paleti zikasogezwa hadi sentimita 60. Juu ya paleti ya pili tukachora alama ya chaki, upana wa kiganja kutoka ukingoni, nayo ikawa ndiyo pekee ya kutazamwa. Akapewa miruko midogo miwili ya kujiweka sawa. Wa tatu ni wa kuondoka. Akiona hayuko tayari, ashuke na aanze tena, bila ya lawama. Akafundishwa pia namna ya kushindwa: kwenye nyasi, alirudia mara nyingi kuiachia baiskeli itangulie mbele na kutua kwa miguu yake nyuma yake. Mtoto anayejua namna ya kushuka hulikabili pengo akiwa na kifua kipana. Nasi wazazi tuliombwa jambo moja: gurudumu la mbele likishainuka, asitamke mtu neno, hata la kumtia moyo.

Sentimita 60 hadi 90 zilitugharimu wiki tano. Alhamdulillah, Jumamosi moja alivuka mara 10 mfululizo, kisha akaniomba futi kamba apime mwenyewe, asije akawa nimempunguzia.

Mwezi uliopita tulikwenda kwenye mawe nje ya mji. Palikuwa na mawe mawili ambayo wenzake walikuwa wakiyaruka kwa zamu. Alikwenda akapima kwa nyayo, akarudi akapima tena. Hayakuachana zaidi ya paleti alizozoea. Kisha akapeleka baiskeli hadi kwenye jiwe la kupokelea, akaifunga breki na kusukuma tairi juu ya ukoga uliolowa mvua ya asubuhi. Tairi likateleza. “Leo sivuki, mama,” akasema, akaenda kutafuta mawe makavu.

Usiku ule nilimpigia simu mamangu nikamsimulia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mtoto anakula vizuri, na kama vile vikinga vya miundi vinamtosha au tumnunulie vingine.