Kuta za Mkula

Mchoro wa kwanza nilioukuta Mkula ulikuwa X. Ilikuwa nyekundu, ya rangi ya mafuta, imepigwa kwa haraka kwenye ukuta wa tofali za kuchoma, mkono wake mmoja umepanda hadi kwenye fremu ya dirisha. Chini yake palikuwa na namba ambazo jua limezila nusu. Aliyekulia kando ya barabara kuu nchi hii hahitaji kufafanuliwa alama hiyo: nyumba imeingia kwenye hifadhi ya barabara, mwenyewe ajiandae. Bibi mwenye nyumba alikuwa barazani akipepeta mchele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza kama bado ile X inamnyima usingizi.

"Initishe nini, mjukuu wangu, na barabara si hiyo imeshapita?" Akaielekeza kwa ungo. "Siku hizi nikitumiwa mzigo kutoka Dar, nasema tu washushe nyumba ya X. Hata makondakta wanaijua."

Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 67 hivi, niliijua nikiwa mdogo kwa vumbi lake la kiangazi na kwa usiku mmoja wa masika tuliolala ndani ya basi. Sasa ni lami. Nyumba ya bibi imesalimika na X imegeuka kuwa anwani.

Mama yangu alizaliwa Mkula, mimi nimekulia Morogoro mjini. Safari hii nilikuja kutafuta michoro. Rafiki yangu anayeishi Nairobi aliwahi kunisimulia jinsi wageni wanavyotembezwa mtaa kwa mtaa wakisomewa habari za jiji ukutani, na jinsi mwaka 2012 watu wa katikati ya mji walivyoamka wakakuta tumbusi mkubwa aliyevaa suti amechorwa ukutani, nao wakamtambua mara moja kuwa ni mwanasiasa. Nikaingiwa na wivu. Bonde la Kilombero limeona vita, reli, viwanda vya sukari, hifadhi na madaraja. Haiwezekani kuta zake ziwe kimya. Nikaamua nianzie Mkula kwa miguu, nitembee hadi Mang'ula, halafu nipande gari hadi Ifakara, nikisoma kila ukuta utakaonikubali.

Mkula iko kati ya Sanje na Mang'ula. Upande wa machweo milima ya Udzungwa imesimama wima kama mtu aliyekukaribia mno wakati wa mazungumzo, na upande wa pili bonde limelala na mpunga wake na miwa yake. Maji yanashuka mlimani, yanagawanywa kwa mifereji na kuingia majarubani. Kuta za dukani hazikunipa kitu cha maana. Kampuni za simu zimezipaka rangi zao, na mwenye duka amefurahi kupata rangi ya bure. Pale rangi ilipobanduka unaiona ya kampuni iliyotangulia, na chini yake nyingine tena. Ofisi ya chama ni ya kijani na manjano, kama ilivyo kote.

Kwenye mashine ya kukoboa ndipo niliposimama.

Ndani kulikuwa na giza na mlio, na pumba zilikuwa zinaelea kwenye mstari wa jua uliopenya kwenye bati. Ukuta wa ndani, kuanzia usawa wa goti hadi mahali ambapo mkono wa mtu mrefu unaishia, ulikuwa umejaa mkaa: vijiti vinne na cha tano kikivikata mshazari, kundi baada ya kundi. Hesabu ya magunia. Kila mkulima ana eneo lake, jina likiwa juu na vijiti chini. Kuna majina yaliyozungushiwa duara, hayo ni ya wanaodaiwa. Kuna yaliyopigwa mstari, hao wamelipa. Yapo pia ambayo hayana duara wala mstari, na vijiti vyake vimefifia kwa mafuta na vumbi. Kijana wa mashine aliniambia wenyewe walishafariki, "sasa nifute kwa ruhusa ya nani?"

Nilipiga magoti pembeni, penye maandishi ya zamani zaidi. Kulikuwa na namba ya simu inayoanza na 0744. Wenye umri wangu wanakumbuka: kabla ya 0754 kulikuwa na 0744. Kwa hiyo mwenye namba hiyo alikuwa na simu wakati simu kijijini ilikuwa habari, na ili apate mtandao huenda ilimbidi apande kichuguu. Jina lake limeliwa na unyevu. Kando yake mtu ameandika "supa 6", na mkono mwingine, wa juzi, umeandika "saro 11". Supa ni ile mbegu ya wazee, ndefu, yenye harufu inayomfanya jirani aje kusalimia bila sababu. Saro ni mbegu ya watafiti, inazaa zaidi na harufu kiasi inayo. Miaka mingi ya kilimo imekaa kwenye shubiri mbili za ukuta. Sikuona mchoro mwingine siku hiyo ulioshinda ule, ingawa hakuna aliyekusudia kuchora chochote.

Shuleni nilimkuta fundi mwenyewe. Mzee mwembamba, kofia ya kufuma, kopo la rangi limening'inia kwenye ngazi. Alikuwa anarudishia ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa darasa. Ramani hizi ziko katika shule za msingi zisizo na idadi, zikiwa jirani na mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, na hakuna anayeziita sanaa. Nilimwambia kwamba Ziwa Victoria lake limenenepa.

"Buluu ilibaki," alisema bila kugeuka. "Ningeirudisha wapi?"

Rangi yake ni ile ya mafuta ya makopo madogo, ya kupakia milango na baiskeli. Ndiyo hiyohiyo Edward Saidi Tingatinga aliyoitumia Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968, akipaka wanyama kwenye vipande vya hadibodi na kuwauzia wazungu wa Oysterbay. Tingatinga alikufa 1972, akaacha shule nzima ya wachoraji nyuma yake. Fundi wetu alisikia hayo kwa subira, akauliza picha moja ilikuwa inauzwa bei gani.

Mikoa alikuwa ameipaka bila kupoteza muda, kila mmoja na rangi yake. Kitu kilichomchukua muda ni reli ya TAZARA. Reli ya Kati aliipiga mstari mmoja mweusi, basi. TAZARA ameichora na mataruma yake yote, moja moja, kwa burashi nyembamba, kuanzia Dar es Salaam, akashuka kupitia bondeni hadi Tunduma, na hapo akalazimika kuisimamisha kwa sababu ukuta uliishia kwenye mlango. Reli yenyewe ina kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, lakini kwa Zambia hakukuwa na nafasi.

Baba yake aliyabeba mataruma hayo. Kipande cha Dar es Salaam hadi Mlimba kilikamilika mwaka 1971, reli nzima ikaisha 1975 na kukabidhiwa mwaka uliofuata. Baba alipokea mshahara, akanunua redio, akaoa. Kisha zikaja enzi za vijiji vya ujamaa, watu wakakusanywa kando ya reli na barabara. Jirani zetu wa Msolwa Ujamaa bado wanalibeba neno hilo kwenye jina. Mzee alipofika hapo alichovya burashi, akaongeza taruma moja lililokuwa limefifia.

Nilitafuta Mkula kwenye ramani. Haikuwepo. Mahali ilipopaswa kuwa palikuwa na kishimo cheupe, plasta tupu, kikubwa kama sarafu. Vidole vya watoto. Kila mgeni akija, kila mwalimu akiuliza "sisi tuko wapi?", wanagusa palepale.

Barabarani kuelekea Sonjo jua lilikuwa limepanda. Magari ya miwa yalikuwa yanapita yakidondosha, na watoto wanaokota. Hapa kuta zilipungua na mabango yakaanza, kwa sababu msitu unashuka karibu na lami. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, kilomita za mraba 1,990, na mnyama anayependwa na wachoraji wa huku ni kima: mbega mwekundu, na yule wa Sanje ambaye sayansi ilimgundua mwaka 1979. Neno "ilimgundua" lina ucheshi wake. Watafiti walisikia mlio wasioujua msituni, wakamuuliza mwenyeji aliyekuwa anawaongoza, naye akawaambia ni ngolaga, kama mtu anayeulizwa jina la kuku.

Niliongozana na mama mmoja aliyetoka kununua mkaa. Nilimwonyesha kima aliyechorwa kwenye ukuta wa kibanda cha vinywaji, nikasema amechorwa vizuri.

"Amechorwa vizuri kweli, mwanangu," alisema. "Mimi na mzigo wangu wa kuni ndio hatukuchorwa."

Akanieleza. Zamani, hata baada ya hifadhi kuanzishwa, kulikuwa na siku maalumu ya wiki ambapo kina mama waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilikoma 2011. Sababu ziko wazi na mimi nazikubali: msitu huo ndio unaotoa maji yanayoingia majarubani Mkula. Yeye pia anazikubali. Ila alinihesabia kwa vidole kina mama aliokuwa akipanda nao, wanane, kila mmoja na wimbo aliokuwa anauanzisha wakati wa kushuka na mzigo kichwani, na ningekuwa na kopo la rangi ningeanza na hao wanane.

Mang'ula nilipita haraka. Ni mji mdogo uliowahi kuwa mkubwa: Wachina wa reli waliweka kambi na karakana hapa, na wenyeji bado wanakuonyesha majengo. Kuta zake ni za matofali ya saruji, zimenyooka kuliko zetu, hazina picha. Nilikula ndizi mbili, nikadandia kosta.

Ifakara ina kuta nyingi mno kwa mtu mmoja. Saluni zimechora vichwa vya vijana wenye denge, maduka ya dawa za kilimo yamechora mahindi makubwa kama mitumbwi. Wenyeji watakuambia jina la mji lilitokana na neno la kufa, kwamba waliotangulia walifika, wakaugua, wakasema hapa ndipo pa kufia. Basi haishangazi kwamba mchoro nilioupenda mjini ulikuwa wa mbu. Alichorwa kwenye ukuta wa zahanati, mkubwa kama jogoo, anagonga chandarua ambamo mama na mtoto wamelala wakiwa wamevaa nguo za sikukuu.

Bodaboda aliyenipeleka alizima pikipiki, akamwangalia, akatikisa kichwa.

"Dada, huyu wamemkosea. Huyu amelala sambamba na ukuta. Anofelesi anainua kiuno juu. Hivi." Akaegemeza kiganja hewani kimeinama. "Huyo waliyemchora anakupa matende labda, malaria hakupi."

Nilimuuliza kasomea wapi. Akacheka. Mjomba wake aliwahi kufanya kazi ya kukamata mbu kwa ajili ya utafiti: unakaa usiku miguu wazi, mbu akitua unamvuta kwa mrija kabla hajauma. Ifakara ndivyo ilivyo. Mswisi Rudolf Geigy alifika bondeni 1949, maabara ikajengwa katika miaka ya 1950, nayo ndiyo iliyokua ikawa taasisi ya utafiti wa afya inayolipeleka jina la mji huu duniani. Mwaka 1997 vyandarua vya Zuia Mbu vilianza kuuzwa Kilombero na Ulanga, na matokeo yake yakasaidia nchi kuamini kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa watoto. Katika mji kama huu mchoraji wa mbu anakaguliwa na waendesha bodaboda.

Jioni tulifika Kivukoni, kwenye mto. Daraja liko pale, mita 384, lilizinduliwa Mei 2018 na limepewa jina la Magufuli. Ng'ambo ni Ulanga, barabara ya Mahenge, ambako Agosti 30, 1905, katika Vita vya Maji Maji, Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Wajerumani wakiwa na imani ya maji, na bunduki za rashasha zikawajibu. Sikuona ukuta wowote uliowachora. Niliuliza. Nikaonyeshwa mgahawa wenye picha ya kivuko.

Ulikuwa mgahawa wa mabanzi na ukuta mmoja tu wa tofali, na ukuta huo wote ni kivuko: lori la mpunga, basi, baiskeli tatu, mama mwenye kuku, askari, mbuzi anayetazama maji. Kila uso una macho mawili na hakuna anayecheka. Januari 2016 kivuko kilizama hapa kwa dhoruba, na watu wa Kivukoni hawakisimulii kwa utani. Kilichonishangaza ni upande wa kulia. Mto unakwenda, unakwenda, halafu unakatika. Ng'ambo haipo. Neru tupu, na kivuko kimeelekea huko.

Nilidhani ni makusudi. Nilidhani mchoraji alikuwa na jambo zito. Mama wa mgahawa aliniwekea wali na kambale, akafuta meza.

"Aliondoka," alisema. "Tulikubaliana achore kwa chakula. Amekula wee, kazi ikafika hapo, akapata mwito Mlimba wa kuandika duka."

"Atarudi?"

Akanionyesha kwa kijiko chini ya mchoro, pale maji ya mto yanapogusa sakafu. Kulikuwa na mkaa: FUNDI, na vijiti, vinne na cha tano mshazari, vinne na cha tano mshazari, kisha viwili. Vimezungushiwa duara.