Keki ya Karameli, Jiko la Mkaa na Ndoa ya Mabasi

Kama mwenzi wako amepangiwa kazi mkoani na wewe umebaki Dar, basi unaijua vizuri ndoa ya simu na mabasi. Mnaonana kwa kuvizia likizo, mnagombana kwa meseji, mnapatana vocha inapokaribia kuisha. Mume wangu ni mwalimu Kitangari, wilayani Newala, mkoa wa Mtwara. Mimi nina ajira yangu mjini. Kila tukikutana swali ni lile lile: nani amfuate mwenzake?

Safari hii nilikwenda kwa siku kumi, na katikati ya siku hizo tulikuwa tunatimiza miaka mitatu ya ndoa. Nikataka keki. Siyo ya dukani, hapana. Keki ya kuoka kwa mikono yangu, yenye ladha ya karameli na aisingi ya siagi juu, kama ile tuliyolishana ukumbini watu wakipiga vigelegele.

Njiani

Basi linatoka Dar alfajiri, linavuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, linapita mkoa wa Lindi, mwisho linakufikisha Masasi, mji uliozungukwa na majabali makubwa utadhani yameshushwa na winchi. Kutoka hapo unapanda uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala. Usiwe na haraka. Nenda Shimo la Mungu, simama ukingoni, utazame bonde la mto Ruvuma likifunguka chini yako na Msumbiji kule ng'ambo. Ukiwa na mwenzi wako hapo, hata wale mnaopenda kubishana mtanyamaza dakika mbili.

Kisha unageukia kaskazini kwenda Kitangari. Kushoto mikorosho, kulia mikorosho. Ukifika kuanzia Oktoba, msimu wa mavuno, mabibo mekundu na ya njano yametapakaa chini ya miti, na harufu yake tamu inaingia mpaka ndani ya gari.

Jambo moja ulijue kabla hujafungulia bomba ovyo. Udongo wa uwanda huu unanyonya mvua yote, maji yanakwenda chini kabisa. Vijiji viko juu, maji yako mabondeni, na kwa miaka mingi wanawake walishuka na kupanda na vyombo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, unayavuta maji kutoka Mitema, hapa hapa bonde la Kitangari, na kuyasukuma juu kwenda Newala na Tandahimba. Hata hivyo, nyumba nyingi bado zina ndoo na pipa la akiba. Hakuna anayemwaga maji hovyo.

Jikoni

Oveni hatuna. Jirani yetu, mama wa makamo, alinikuta nalikodolea macho jiko la mkaa. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka.

"Mwanangu, wali unaupalia moto juu na chini, unaiva. Keki itashindwaje?"

Basi tukaingia kazini. Vipimo vyetu hivi hapa: unga wa ngano vikombe 2, beking pauda vijiko vya chai 2, mayai 4, siagi gramu 250, sukari kikombe 1, na chumvi kidogo. Karameli ina vipimo vyake: sukari kikombe 1 na maziwa kikombe 1.

Tulianza na karameli. Weka sukari peke yake kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Usiikoroge, itisikise sufuria tu, maana ukiikoroga mapema inarudi kuwa punje. Inayeyuka pole pole, inageuka rangi. Ikifika rangi ya asali, ipua. Ikifika rangi ya mpingo wa wachonga vinyago, mwenzangu, umekwisha, hiyo ni chungu. Hapo mimina maziwa ya moto kidogo kidogo, huku umekaa mbali kwa sababu yanaruka. Yakiwa ya baridi sukari inaganda jiwe. Rudisha motoni dakika chache, koroga sasa mpaka iwe laini, kisha iache ipoe.

Siagi na sukari vikapigwa kwa mwiko mpaka vikawa vyeupe. Mayai moja moja. Unga, beking pauda na chumvi. Nusu ya karameli. Mama akamwaga mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akaipasha moto, akaketisha chombo cha keki juu ya mchanga, akafunika na kupanga makaa juu ya mfuniko. Mengi juu, machache chini. Baada ya dakika 45 nikachoma kijiti katikati. Kikatoka kikavu.

Aisingi ndiyo iliyotaka akili. Sukari ya unga vikombe 2 nilikuja nayo toka Dar, nikaipiga na siagi gramu 150 na karameli iliyobaki. Lakini joto la mchana lilikuwa linaiyeyusha. Mama akaleta beseni la maji ya mtungini, bakuli likaogeleshwa humo mpaka aisingi ikashika. Yale maji hayakumwagwa. Yalikwenda kwenye miche ya mchicha. Juu ya keki tukanyunyiza korosho za kukaanga zilizotwangwa. Usiombe! Utamu wa karameli ukikutana na korosho ya Newala yenyewe, unasahau kuongea.

Nani amfuate nani?

Wakati tunasubiri iive, mama aliniuliza nahamia lini. Nikamwambia ukweli: nikiacha kazi nabaki bila mshahara, na yeye uhamisho wake haujulikani. Nilitegemea nihubiriwe. Badala yake akaniambia, "Sisi Wamakonde ukoo ni wa mama. Zamani mwanaume akioa anahamia kijijini kwa mkewe. Kwa hiyo hiyo ya mke lazima amfuate mume, ni nyie mmeipanga. Mnaweza kuipanga upya."

Usiku, baada ya kulishana keki, tulichukua karatasi. Tukaandika kila mmoja anapoteza nini akihama, kwa shilingi na kwa moyo. Mara ya kwanza katika miaka mitatu hatukupandishiana sauti. Tukaona kuna mahali katikati: Mtwara mjini, ambako ofisi yangu ina tawi. Mimi naomba kuhamishiwa huko, yeye anakuja Ijumaa, na lami inayojengwa kwa vipande kwenye ile barabara ya kilomita 210 kutoka Mtwara hadi Masasi kupitia Newala itatupunguzia vumbi. Barua nimeshaipeleka. Jibu bado.

Nawe msomaji mwenye mwenzi wa mbali, safari ijayo usimpelekee zawadi ya dukani tu. Funga sukari ya unga na beking pauda kwenye begi, siagi mtanunua huko. Okeni wote wawili, mmoja apulize makaa, mwingine apige mayai. Keki inachukua karibu saa moja kuiva, na muda huo unatosha kuulizana lile swali mnalolikwepa kwenye simu.