Niliyetumwa Kaptembwa

Binamu yangu amejenga Kiamunyi, Nakuru, nyumba ya vyumba vinne yenye tangi la maji. Alinituma Kaptembwa nikamshawishi mamake, Mama Mdogo wangu, ahamie huko. Mimi ni mtu wa Voi. Nakuru nilikuwa sijawahi kufika.

Matatu iliondoka Nairobi alfajiri. Tulipoanza kuteremka Bonde la Ufa nilishikilia kiti kwa mikono miwili. Tukapita Naivasha na Gilgil, kisha moshi wa nyama choma wa Kikopey, na Ziwa Elementaita likatokea kushoto, jeupe kama bati jipya.

Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini Mama Mdogo hakunipa jina la barabara wala nambari ya nyumba. "Shuka Kaptembwa, uulizie Mama Cherehani." Sijamaliza kuuliza, mtoto akanipokea mkoba.

Ploti yake ina vyumba vinavyotazamana, ua mmoja na bomba moja. Kabla sijanywa chai, majirani watatu walikuwa wameshakuja kunitazama. Mmoja alileta mursik, mwingine githeri, na wote waliniita "mtoto wetu".

Usiku nilimweleza nilichotumwa. Hakukasirika. Aliiondoa kanga iliyofunika cherehani, akanisimulia Januari 2008, mapigano ya baada ya uchaguzi yalipofika mtaani. Alikimbia na watoto wawili hadi kambi ya uwanja wa maonyesho. Cherehani aliiacha, akijua ameipoteza.

Mwezi Machi, kabla serikali haijaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, wanawake wawili wa chama chake walimfuata kambini. Walikuwa wa kabila aliloambiwa aliogope. Walimwambia zamu yake ya kupokea mchango imefika, na cherehani iko chini ya kitanda cha mmoja wao.

"Nilirudi na hofu, mwanangu, nisikudanganye. Mwaka mzima nililala na viatu."

Wengi hawakurudi, na sioni wa kuwalaumu. Ila yeye alifuatwa.

"Kiamunyi kuna ukuta mzuri," akasema. "Nikiamka vibaya usiku, nitagonga wapi?"

Sikuwa na jibu. Kupitia ukuta nilimsikia jirani akikohoa, na Mama Mdogo akamuuliza kwa sauti kama amemeza dawa. Akajibiwa ndiyo.

Asubuhi nilimpigia binamu simu. Nilimwambia nyumba ile aipangishe.