Sauti Ndani ya Kitochi cha Mama

Mama hazimi simu yake. Tangu Julai 2016 kitochi chake hulala kando ya mto wake, kimejaa chaji, kikisubiri namba inayoanza na +211. Mwanzoni mwa mwezi huo kaka yangu aliondoka Koboko na magunia ya unga na katoni za sabuni, akapita Oraba, akavuka mpaka na kuelekea Yei, alikokuwa amepanga kibanda sokoni. Siku chache baadaye vita vikalipuka upya Juba, na baada ya muda vikafika upande wa Yei. Kaka alipiga simu mara mbili. Kisha kimya. Hatukuzika mtu wala hatukumpokea mtu.

Msiba wa namna hii hauna arobaini. Mtu akibipu usiku kwa kukosea namba, mama huamka, hupiga, huambiwa salio halitoshi, na hapati usingizi tena mpaka adhana ya alfajiri. "Moyo unakimbia tu, mwanangu," huniambia asubuhi. Mimi niko chuoni Arua, mwendo wa saa moja na kidogo kwa teksi, na kwa muda mrefu nilikuwa na jibu moja tu: "Jikaze, mama." Leo najua kwamba nilikuwa najikaza mimi, nisisikie zaidi.

Nilipokuwa mwaka wa pili mwalimu wetu wa tafsiri alitutaka tuchague maandishi ya afya na kuyafasiri kwa Kiswahili ambacho mtu wa nyumbani kwetu angekielewa. Nilichukua kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2020 kuhusu kukabili msongo wa mawazo. Sikukichagua kwa hekima yoyote. Kilikuwa na picha nyingi na maneno machache. Kumbe kozi ya shirika hilo yenye mazoezi hayo hayo ilikuwa imejaribiwa hapa kwetu, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wakati huo yakiwa ndani ya wilaya ya Arua. Wanawake 694 wa Sudan Kusini kutoka vijiji 14 walishiriki. Katika nusu ya vijiji hivyo walikutana mara tano, saa mbili kila mara, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu waliopewa mafunzo mafupi. Miezi mitatu baadaye dhiki ya mawazo ilikuwa imepungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao wa vijiji vingine. Haikuisha. Ilipungua.

Mazoezi yenyewe ni mepesi kuyaeleza: hisi miguu yako ikikanyaga ardhi, fuata pumzi, litaje wazo linalokuuma bila kupigana nalo, kisha urudi kwenye kazi uliyonayo mkononi. Nilimsomea mama sehemu ya kwanza nilipokwenda nyumbani. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Hii ni dua ya nani?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kwamba kozi hii si ya dini na imetungwa na wanasaikolojia, lakini huku kuangalia pumzi na mawazo yanavyopita wafuasi wa Buddha wamekufanya kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Nikamwambia pia kuhusu Jon Kabat-Zinn, Mmarekani aliyejifunza kwa walimu wa Kibuddha, ambaye mwaka 1979 alianza kuwafundisha wagonjwa wa hospitali moja ya Massachusetts mazoezi ya namna hiyo, akiwa ameyavua vazi la dini. Mama alikamata mwaka tu. "Sabini na tisa? Sisi tulikuwa njiani, tunakimbilia Zaire." Akakaa kimya kidogo, halafu akasema kwamba pumzi ni ya Mungu na yeyote anaweza kuihesabu, ila mimi nisimwekee humo jina la mtu mwingine. Nilikubali. (Wapo Waganda waliolichukua na jina lenyewe: mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe mwaka 2005.)

Kazi ngumu ilikuwa neno. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, ni *sati*, ambalo asili yake iko karibu na kukumbuka. Nilijaribu "umakini", mama akasema hayo ni ya darasani. "Uangalifu" ulimfikirisha mayai. Mama alizaliwa katika kambi ya jeshi Jinja, na Kiswahili chake ni cha baba yake askari. Nilipomweleza kwamba unaona kila wazo likija na likienda, wala hulifukuzi wala huliandami, akanikatiza: "Si mlinzi wa zamu huyo? Anasimama getini, anajua nani kaingia. Hampigi risasi kila mpita njia." Nikaandika "kukaa zamu". Wiki kadhaa baadaye, nikisoma maktaba, nilikuta kwamba katika mahubiri ya Buddha *sati* inafananishwa na mlinzi wa lango la mji wa mpakani. Nilicheka peke yangu, mhudumu akanitazama vibaya. Mama, mwenyeji wa mji wa mpakani, hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja.

Nilirekodi sauti usiku hosteli, nimejifunika blanketi kwa sababu ya jenereta ya jirani, nikaziweka faili tano kwenye kadi ya memori na kumpelekea mama kwa dereva wa teksi. Nilijiona nimemaliza. Aliponipigia nilitarajia shukrani, naye akasema, "Sauti nimeisikia. Wewe unakuja lini?"

Aibu ile bado ninayo. Nilikuwa nimetuma kifaa mahali ambapo mtoto alihitajika, nikasahau kwamba wanawake wa Rhino Camp waliisikiliza sauti ile wakiwa wamekaa pamoja. Nikaanza kwenda kila Jumamosi ya pili. Mama aliwaita majirani wawili, mmoja ana mume aliyepotelea upande ule ule. Tunakaa chini ya mwembe, kitochi juu ya kigoda. Wakati mwingine hawafiki nusu ya faili. Mmoja anaanza kusimulia, na mama anabonyeza sauti isimame. Sijawahi kumwambia aiendeleze.

Desemba nilikuwa nimelala chumba cha pili simu iliponguruma mara moja na kukatika. Nilimsikia mama akiketi. Nilisikia nyayo zake zikigusa sakafu, kwanza mguu mmoja, kisha wa pili, halafu muda mrefu sikusikia kitu isipokuwa pumzi. Ndipo akapiga. Alikuwa mtu wa Nimule aliyekuwa akimtafuta dada yake na kukosea tarakimu moja. Mama alimuuliza jina la huyo dada na siku alipoonekana mara ya mwisho, wakazungumza kwa Kiarabu cha Juba mpaka salio likaisha.